Mdogo Hampiti Mkubwa

Baada ya kumaliza chuo nilikaa muda mrefu bila kulala nyumbani kwetu. Kwenda nilikuwa nakwenda, tena mara kwa mara. Nilifika Usenge asubuhi, omena, dagaa wa ziwani, zikiwa zimetandazwa juu ya nyavu ufuoni, ziking'aa kana kwamba mtu amemwaga maji yakakataa kuingia ardhini. Nikapanda njia hadi kwetu, nikala alichopika Mama, nikasikiliza redio na Baba. Jua lilipoanza kuinamia ziwa, niliaga. Nilisema kesho nina kazi Kisumu, na wakati mwingine ilikuwa kweli. Nilikuwa nafundisha watoto wa majirani hesabu na Kiingereza katika chumba nilichopanga Nyalenda. Lakini hata siku ambazo sikuwa na mwanafunzi niliondoka, kwa sababu nyumbani sikuwa na mahali pa kulala.

Kwetu mwana wa kiume akishabaleghe halali tena chini ya paa la mama yake. Anajenga simba, nyumba ndogo ya kijana, karibu na lango la boma. Hapo ndipo anaanza kuhesabiwa. Akioa, atakaa humo na mkewe mpaka siku atakapotoka kwenda kuanzisha boma lake mwenyewe. Mimi nilikuwa mwana wa kwanza, nina shahada, na upande wangu wa lango palikuwa na majani tu na mbuzi wa Baba.

Nakumbuka nyumba zote nilizolala kabla ya hapo, ingawa ya kwanza naikumbuka kama mtu anavyokumbuka joto. Ni nyumba ya Mama. Kuna giza laini, mgongo wa Mama, na sauti ya mvua ikija kutoka ziwani, inapiga mabati ya jirani kwanza, halafu yetu. Sidhani nilikuwa najua mimi ni mtu mmoja na Mama ni mtu mwingine.

Halafu mdogo wangu akazaliwa, nami nikapelekwa kwa Dani, mama yake Baba, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua chache tu kutoka kwetu. Tulilala huko watoto wa boma zima, tumepangwa kwenye mkeka kama samaki, na Dani akisimulia hadithi kutoka kitandani mpaka sauti yake iingie ndani ya usingizi wetu. Mara nyingi mwisho wa hadithi niliuota badala ya kuusikia. Mpaka leo sijui fisi alifanywa nini. Dani aliniita *chuora*, mume wangu, kama bibi wa Kijaluo anavyomtania mjukuu wa kiume. "Mume wangu, umekojoa kitanda chetu tena," alisema asubuhi mbele ya watu, na boma zima likacheka. Nilitaka ardhi inimeze. Kesho yake nikarudi kulala palepale.

Kisha sauti yangu ikabadilika. Jioni moja Dani aliniwekea blanketi langu mlangoni, limekunjwa vizuri. "Mume wangu, umekuwa mkubwa. Hapa si kwako tena." Nilimwuliza kwangu ni wapi. Akanionyesha upande wa lango kwa kidevu, akarudi jikoni. Nikaenda shule ya bweni, nikaenda chuo, na kwa miaka hiyo yote swali lile halikunidai jibu, kwa kuwa kila mahali kulikuwa na kitanda chenye namba yangu.

Chuoni, katika somo la saikolojia, mhadhiri alichora ngazi ubaoni. Alisema maisha ya mtu yana hatua, na kila hatua ina swali lake, na swali usilolijibu unapanda nalo. Mtoto mchanga anauliza kama dunia inaaminika. Kijana anauliza yeye ni nani. Anayefuata anauliza kama anaweza kuwa karibu na mtu mwingine bila kujipoteza. Na juu kabisa mzee anageuka, anatazama alikotoka, anauliza kama yote yale yalikuwa kitu. Wenzangu waliyaandika kwa ajili ya mtihani. Mimi nililala nayo. Usiku ngazi ile ilikuwa ikigeuka kuwa boma letu, kila nyumba na mlango wake, nami nimesimama uwanjani na blanketi, sijui nibishe wapi.

Nilijiambia nitajenga nikishajua mimi ni nani. Nikipata kazi ya kudumu. Nikiwa na kitu cha kuweka ndani ya nyumba. Nilifikiri kumjengea nyumba mtu ambaye bado hajawa mtu ni aina ya uongo. Nilifikiri sana, na nilipomaliza nilifikiri kwa nini nafikiri sana.

Ndipo mdogo wangu akaja Nyalenda. Yeye hakuendelea na shule. Ni mvuvi, na alikuwa analala bandani ufuoni pamoja na wavuvi wenzake. Aliingia na mfuko wa omena aliopewa na Mama, akakaa juu ya kitanda changu, akatazama vitabu, akatazama dirishani ambako wanawake walikuwa wamepanga mitungi kwenye bomba la maji.

"Omera, ndugu yangu," alisema, "hii chumba yako ni kama debe. Wewe unalala ama unasimama?"

"Nalala kwa zamu. Miguu kwanza."

Alicheka, halafu akaacha kucheka ghafla, kama mtu aliyekumbuka alichotumwa.

"Unajenga lini?"

Nilianza kumweleza. Nilimwambia kuhusu kazi niliyoomba, na nyingine nitakayoomba. Alinisikiliza kwa heshima, kichwa chini. Nilipomaliza, akasema kuna msichana wa Katito, ambako alikuwa anapeleka samaki siku za soko. Wamekubaliana. Nyumbani kwa msichana wameanza kuuliza atamweka wapi mtoto wao.

"Siwezi muweka bandani na wavuvi. Na siwezi jenga kabla ya wewe. Wewe ndio mkubwa yangu."

Nikaona njia, na nikaifurahia kwa sababu ilikuwa ya busara na haikuniomba chochote. "Basi jenga wewe kwanza," nilimwambia. "Mimi sina shida. Nakuruhusu."

Uso wake ulibadilika kama maji wingu linapopita juu yake.

"Usiseme hivyo."

"Nasema kweli. Mila ni watu. Mimi ndiye mkubwa na mimi nimekubali."

"Mkubwa anapitwa akiwa amekufa," alisema polepole. "Ama amepotea, watu wamechoka kungoja. Sasa wewe unaniambia nikuzike?"

Alisimama, akaniwekea omena vizuri juu ya meza, mbali na vitabu, akaenda. Kutoka dirishani nilimwona akimsaidia mama mmoja kuinua mtungi, kisha akapotea kati ya nyumba. Usiku ule na uliofuata niliota naitwa kwa jina na watu waliokuwa wanapita ndani yangu.

Nilipokwenda nyumbani, habari ilikuwa imeshatangulia. Dani alikuwa ameketi juani, mdogo kuliko nilivyomwacha, miguu imenyooshwa mbele. Alinitazama akanikazia macho, halafu akamwita Mama kwa sauti kubwa.

"Mama watoto! Njoo uone. Marehemu amekuja kwa miguu yake."

"Dani, shikamoo," nikasema.

"Maiti haisalimii. Kaa chini, nikulilie kidogo kabla sijasahau." Akaanza kweli, mkono kichwani, kilio cha matanga, mpaka Mama akajifunika uso kwa leso kwa kicheko. Kisha Dani akanyamaza na kunishika kifundo cha mkono. "Mume wangu. Unangoja nini?"

"Bado sijawa mtu, Dani."

"Nani alikuwa mtu kabla ya kujengewa? Babu yako? Babu yako alijengewa simba hajui hata kufunga ng'ombe. Siku ya kwanza alilia ndani usiku, akidhani hawamsikii; mama yake ndiye aliyenisimulia." Alitazama upande wa lango kwa muda, akitabasamu na jambo ambalo sisi hatukuweza kuliona. "Akawa mtu humo humo ndani. Polepole."

Baba alikuwa amesimama nyuma yetu. Si mtu wa maneno. Alisema, "Jumamosi," akaenda kutafuta jembe.

Kwa hivyo Jumamosi ile Baba alichimba shimo la kwanza, asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya ziwa hata huwezi kusema maji yameishia wapi. Nami nikachimba la pili. Nilichimba vibaya, na nikaambiwa. Wajomba na majirani walikuja na nguzo na fito. Wanawake walileta maji na kukanyaga udongo huku wakiimba na kunitaja katika nyimbo, nikiwa marehemu aliyefufuka, nikiwa mume wa Dani aliyefukuzwa. Nyumba ya namna hii sharti ipate paa siku hiyohiyo. Aliyefanya kazi kuliko wote ni mdogo wangu. Hakuwa ameniambia neno tangu Nyalenda. Alipanda juu, akapigilia mabati, jua likimchoma mgongoni. Nilikuwa chini, nikimpa misumari.

Mchana, mkono wake ukiwa umenyooshwa kungoja msumari, alisema bila kunitazama, "Omera, ukiota usiku, usipige ukuta teke. Udongo ni mbichi."

"Nitalala nimesimama."

Akacheka juu kule, na bati likatetemeka.

Nililala humo kama inavyotakiwa, juu ya mkeka, katika harufu ya udongo ambao haujaamua kuwa ukuta. Asubuhi nilipoamka, kwa kitambo sikujua nina umri gani. Mwanga ulikuwa unaingia pale fito zilipokuwa bado wazi, na nilikuwa mtoto wa Mama, na mjukuu kwenye mkeka, na pia mzee fulani anayetazama nyuma, wote tumelala mahali pamoja bila kubanana. Sikuwa nimepata kazi. Bado sikujua mimi ni nani. Nilisikiliza kama wasiwasi wangu umeamka, na ulikuwa umeamka, lakini nao ulikuwa umelala usiku ule chini ya paa langu.

Kisha nikasikia jembe. Nilifungua mlango. Ng'ambo ya lango, upande wa pili, mdogo wangu alikuwa anakwatua majani, shati amelitundika kwenye ua, simu ameibana kati ya sikio na bega. Alikuwa anamwambia mtu wa Katito kwamba dirisha litatazama ziwa. Aliponiona alininyooshea jembe la pili, mpini ukiwa upande wangu.