Yeye wa Linden

Mawese yakipata moto hutoa harufu nzito inayoganda kwenye pazia, kwenye nywele, hata kwenye vitabu vya shule. Juzi niliisikia kwenye ngazi za jengo ninalokaa sasa huku Gahanna, ikitoka kwa jirani nisiyemjua, nikasimama pale na mifuko yangu ya sokoni mkononi. Mtu mwingine angejiuliza wanapika nini. Mimi nilijiuliza ni nani anayepika. Mtanisamehe, mimi ni mtu wa kushuku, na leo nitawaambia nilijifunzia wapi.

Nilikulia Linden, huku huku Columbus, katika nyumba ya kupanga ambayo ngazi zake za mbele zililia kila ukizikanyaga. Sisi ni watu wa Goma tuliopitia kambi ya wakimbizi, na katika kanisa letu sombe, yaani kisamvu, ya mama yangu ilikuwa na jina. Kwenye harusi watu waliuliza kwanza kama Mama Neema amepika, ndipo wakaamua kukaa au kurudi kwao. Neema ndiye mimi. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata: sombe ile Mama hakuipika. Aliipika Mjomba Faraja, mdogo wake, aliyelala chumba cha chini ya nyumba yetu, akipakia mizigo ghalani siku za kazi na kuimba besi kwaya ya Jumapili. Kila Jumamosi aliteremsha pazia la jikoni, akafunga kitenge cha Mama kiunoni, akapika. Kwetu mwanaume wa jikoni huchekwa, kwa hiyo sifa zote zilienda kwa Mama. Hata Baba, ambaye Jumamosi alishinda kiwandani, hakujua. Mimi nilijua, na nilifundishwa kufumba mdomo.

Jumamosi ndizo alizokuja Volkano. Jina lake la nyumbani lilikuwa Bahati, rafiki wa Mjomba tangu kambini, lakini kule Louisville alikokaa alikuwa nyota. Aliimba roki kwa Kiswahili na kupiga gitaa kana kwamba wamegombana, na vijana wa Kizungu waliovaa fulana zenye sura yake waliimba naye maneno wasiyoyaelewa. Wazee wa kanisa walisema ni kelele za shetani. Watoto wao walizijua nyimbo zote. Nyumbani kwetu aliingia na koti la ngozi hata Julai, akanipa pipi, akateremka chini kwa Mjomba. Akiondoka, Mama alimkabidhi mlangoni kopo la aiskrimu. Mnajua nyumba zetu: kopo la aiskrimu lina kila kitu isipokuwa aiskrimu.

Kisha ikatoka ile video. Mwandishi fulani alimuuliza Volkano kama ana mtu, naye akacheka, akajibu kwa lugha yake: "Mupenzi yangu iko Columbus, kule Linden. Yeye njo ananipikiaka sombe."

Balaa likaanzia hapo. Kiswahili hakilidai neno "yeye" liseme ni mume au mke, lakini Kiingereza hulidai. Aliyeandika tafsiri chini ya video alilazimika kuchagua, akaweka "she". Watoto wa kanisani, ambao Kiswahili chao kiliishia kwenye kutumwa chumvi, walisoma yale maandishi na kuwarudishia mama zao: anasema ni mwanamke. Na mama zao, waliomsikia kwa masikio yao wenyewe, wakayaacha masikio wakayaamini maandishi. Basi wakaanza kumtafuta mwanamke wa Linden anayepika sombe, na hawakuhitaji kwenda mbali.

Mama Espérance, kiongozi wa wamama, alijitolea kunisuka bure. Nilipaswa kushuku pale pale, maana yule mama hakuwahi kumpa mtu hata pini. Kila mstari wa nywele ulikuja na swali lake: Volkano anakuja siku gani, anakaa wapi, Baba anakuwa kazini? Nilijibu kwa Kiingereza kwamba sijui, kama watoto wote tulivyowajibu wakubwa. Alinivuta nywele kidogo, akaendelea. Jumapili iliyofuata nilimwona amesimama na Baba penye maegesho ya magari, na neno lililonifikia lilikuwa kikulacho ki nguoni mwako.

Tangu siku hiyo Baba hakula sombe. Alisema tumbo linamsumbua, lakini tumbo hilo lilikula maharage, likala samaki, likala mpaka piza. Mama aliweka bakuli mezani, Baba akalisogeza pembeni kwa kidole. Nilisikia jinsi alivyoanza kumwuliza Mama maswali madogo madogo: nani alipiga simu, mbona umevaa kile kitenge. Niliogopa. Darasani kwetu kulikuwa na msichana ambaye baba yake alihamia mji mwingine, na nilijua hilo huanza na mambo madogo.

Na mimi nikamshuku Mama. Niliwaza hivi: sombe anapika Mjomba, Mama anaichukua, anampelekea Volkano na kujisifu ni yake, ili ampendeze. Nilimwona ni mwizi mara mbili, kwa Mjomba na kwa Baba. Nilimhurumia Mjomba, aliyekuwa akipika akiimba kwa sauti ya chini huku dada yake akivuna alichopanda. Mtoto akishashuku, kila kitu ni ushahidi.

Kisha Volkano akafa. Alikuwa Buffalo kwa dada yake mkubwa, Mama Riziki, moyo ukasimama tu. Mama aliposikia aliketi sakafuni, akasema lazima twende. Baba alimtazama kwa muda mrefu sana, halafu akachukua ufunguo wa gari. Mjomba alikaa nyuma pamoja nami, sufuria la sombe katikati ya miguu yake, amelikumbatia kwa mikono miwili kutoka Columbus mpaka Buffalo. Nilidhani analinda isimwagike.

Matanga yalikuwa katika ukumbi wa kanisa, mtaa wa Lower West Side. Upande mmoja walikaa watu wetu na vitenge vyao, upande wa pili mashabiki wenye nywele ndefu na pete puani, na kila mmoja alisimama kumkumbuka marehemu. Mpiga ngoma wake kutoka Louisville alisema Volkano hakukaa kunywa nao hata siku moja baada ya onyesho la Ijumaa. Alitupa gitaa kwenye gari akaelekea Columbus. Dada mmoja wa Kizungu, aliyechorwa jina la marehemu mkononi, alisimulia huku akilia na kucheka kwamba Volkano alirudi na kopo la aiskrimu lenye chakula cha kijani, na hakuonjesha mtu. Mzee mmoja akatafsiri. Wamama wote waliotoka Columbus waligeuka kumtazama Mama.

Mbele, chini ya picha yake, palitandikwa mkeka wa mjane, na ulikuwa mtupu. Nilisikia Mama Espérance akinong'ona kwa sauti iliyotaka kusikika: "Donc, mujane atajificha mupaka lini?" Baba aliinamisha kichwa. Mama alisimama taratibu, akanishika mkono, tukaenda jikoni.

Mjomba alikuwa huko, ameegemea sinki, mgongo kwetu. Mama Riziki aliingia nyuma yetu na kitambaa chake cheusi kichwani, na Mama Espérance na wenzake wakajaa mlangoni, na nyuma ya vichwa vyao nikaona uso wa Baba. Mama Riziki alifunua sufuria, akachota kijiko, akaonja. Akafumba macho.

"Ni nani alipika hii?"

"Ni mimi," Mama alisema, kwa nguvu, wote wasikie.

Mama Riziki alimtazama Mama. Kisha akautazama ule mgongo kwenye sinki, uliokuwa umeanza kutikisika. Alipakua sahani, akaiweka mezani katikati yao wawili, akasema: "Bon. Mujane akule kwanza."

Wamama walivuta pumzi. Walikuwa wamepata walichokifuata. Mama hakuigusa sahani. Aliisogeza polepole kuelekea kwa Mjomba, akamwekea kijiko, akajisimamisha kati yake na mlango, na kitenge chake kipana, ili wale wa mlangoni wasimwone akila. Nilidhani amekosa hamu kwa aibu. Ila Baba ni mrefu.

Jumapili hiyo, tukiwa tumerudi Linden, Baba alikaa mezani, akainua uso. Hakumwuliza Mama.

"Shemeji," alimwambia Mjomba, "sombe ilibakia?"

Mjomba akampakulia, na Baba akala akamaliza. Sikuelewa hata kidogo. Nilichoelewa ni kwamba Baba haondoki, nikatoka nje kucheza.

Nilipomaliza shule ndipo Mjomba aliponiambia mwenyewe kwamba yeye na Volkano walipendana tangu kambini. Siku hizi anakaa Louisville, na yule mpiga ngoma na yule dada wa jina mkononi huenda kwake kula, wakamkumbuka mtu wao bila kunong'ona. Kanisani kwetu bado wanaamini walichoamini. Mama walimwondoa kwenye kamati ya uongozi wa wamama, na harusini tangu hapo hawakumwita tena kupika. Namshukuru, na inaniuma, yote kwa pamoja.

Mwaka jana, tukichambua mboga, nilimwuliza kwa nini alikubali waseme vile, wakati neno moja tu lingesafisha jina lake. Hakuacha kuchambua.

"Balikuwa banatafuta mwanamuke," alisema. "Bon. Nikabapatia mumoja."