Saluti ya Sajini

Mlinzi wa usiku wa ghala la magodoro walimwita Macho, na jina lilimkaa sawasawa. Chai aliinusa kwanza kabla ya kuinywa, hata aliyopikiwa na mkewe. Ni kiumbe mmoja tu ambaye Macho hakumshuku: Sajini, mbwa wa ghala, aliyemlea tangu ana ukubwa wa kiatu.

Sasa Sajini alikuwa anaburuta miguu ya nyuma. Mkia umelala, na kila akiinuka analia. Macho hakuhangaika kutafuta mchawi, kwa sababu alikuwa anapokezana naye zamu: shemeji yake, mdogo wa mkewe, mlinzi wa mchana. Si alimwona mwenyewe? Shemeji kamgusa mbwa kiunoni, mbwa kapiga ukelele!

"Anampiga mateke nikiondoka," akamshtakia bosi.

"Daktari akithibitisha, shemeji yako hana kazi tena."

Mkewe aliposikia, akanuna. "Mdogo wangu ana watoto wawili, baba. Una uhakika?"

"Mia kwa mia."

Shemeji ndiye aliyembeba Sajini hadi kwa daktari wa mifugo, akamshika kichwa, huku Macho akimkodolea mikono tu. Daktari akabonyeza chini kabisa ya mgongo, karibu na mkia. Sajini akalia.

"Hebu bonyeza wewe," akamwambia Macho.

Macho akabonyeza kidogo, kwa huruma zote. Ukelele uleule.

"Huyu hajapigwa na mtu," daktari akasema. "Uti wa mgongo umechakaa hapa chini, mishipa ya fahamu inabanwa. Nitampa dawa ya maumivu, apumzike. Ikigoma, tutampasua. Ila kuruka na kusimama kwa miguu miwili, marufuku, kunambana zaidi. Au kuna mtu anamsimamisha?"

Lo! Macho akaondoa mkono mgongoni mwa mbwa. Kila asubuhi wakipokezana zamu alipaza sauti, "Sajini, saluti!" na mbwa akasimama wima, madereva wakicheka. Hata wiki hii alimsimamisha kwa nguvu, ili shemeji ajue mkubwa ni nani.

"Ni mchezo wetu tu, daktari," shemeji akadakia. "Tunamsimamisha sote."

Mwongo mkubwa! Yeye hakuwahi kumsimamisha hata siku moja.

Nje, simu ya Macho ikaita. Bosi. "Haya, niambie. Ni shemeji yako?"

Macho akamtazama shemeji akimpandisha Sajini garini taratibu, mkono mmoja chini ya tumbo ili asiruke.

"Ni mimi," akasema.