Sanduku Lisilozimika Ukweni

Kosa langu la kwanza, na nalikiri kabla ndugu zangu hawajalisimulia kwa namna yao, lilikuwa kuihamisha swichi kutoka nje ya sanduku la spika na kuificha ndani, kwa sababu tundu nililotoboa lilikuwa limeenda upande kidogo (milimita mbili, nilipima kwa rula) na kila nikiliangalia nakosa raha. Aibu iliyofuata ni yangu yote. Lakini spika yenyewe siijutii.

Niliitengeneza kwa miezi mitano chumbani kwangu Matisi, hapa Kitale, bila kufundishwa na mtu, kwa kuangalia video na kuunguza vidole: sanduku gumu la zamani la mama, spika mbili za gari kutoka kwa muuza vyuma kuukuu, amplifaya, betri ya pikipiki. Kifuniko kilikuwa kikitetemeka besi ikipiga, nikakikaza kwa skrubu kumi na nane. Kikatulia. Ndipo nikasikia kwamba Jumamosi tunaenda Bungoma, karibu na Kibabii, kupatana mahari ya mchumba wa kaka yangu Wafula, na kwamba baba mdogo Simiyu, msemaji wetu, sauti imemkauka kwa mafua. Hakuna aliyeniomba. Nilijitolea mwenyewe.

"Si tunaenda kuongea tu? Hatuendi disko," Wafula akaniambia. Alikuwa ameingoja siku hiyo miaka mitatu, na babake msichana, mwalimu mkuu mstaafu, alijulikana kwa kuwarudisha wageni kwao wakimkosea adabu hata kidogo.

"Utanishukuru," nikamjibu.

Na kweli, asubuhi nzima nilistahili shukrani. Niliiwasha nyumbani, nikakaza skrubu zote, nikaja kuiweka chini ya hema, nikambana baba mdogo maiki ndogo isiyo na waya kwenye kola ya koti, na salamu zake zikafika hadi kwa akina mama jikoni. Mwalimu mwenyewe aliuliza ni nani ameitengeneza. Nilikaa wima kama bwana harusi.

Ikafika ile sehemu ambayo wazee wa upande wetu huomba ruhusa watoke, washauriane kando kabla ya kutaja ng'ombe. Wakatoka watano, wakazunguka nyuma ya ghala la mahindi. Pamoja na maiki.

Kwanza tulimsikia baba mdogo akipenga kamasi. Watu wakacheka kidogo. Halafu sauti yake, safi kabisa, katikati ya hema:

"Huyu mwalimu anaongea ni kama sisi ni darasa la tatu, bana. Lakini msichana ni mzuri. Tuanze na nane. Akikaza, tupande pole pole, hata kumi na tatu, si tuko nazo? Huyu Wafula wetu atapata wapi mwingine? Mimi hata nashangaa ati alikubali."

Wafula akanigeukia. "Zima!"

"Swichi iko ndani."

"Ndani ya nini?"

Nilitoa bisibisi mfukoni (natembea nayo kila mahali), nikafungua skrubu ya kwanza, nikahesabu zilizobaki, kumi na saba, nikaacha. Nikalifunika sanduku kwa koti. Nikalikalia. Baba mdogo akaendelea kuongea chini ya makalio yangu, sasa kuhusu kuku, kwamba alipewa shingo, mtu mzima kama yeye. Basi nikalibeba kifuani nikakimbia nalo kuelekea ghalani, nikamwambie azime maiki (ningeweza kuliacha hapo na kukimbia mikono mitupu, hilo nililifikiria jioni), na kadiri nilivyoikaribia maiki ndivyo spika ilivyopiga mluzi wa kupasua masikio, mbuzi wakakata kamba, na juu ya mluzi huo baba mdogo anauliza: "Ni nini hiyo inalia? Ni polisi?"

"Ni mimi, baba mdogo," nikasema, na hilo pia likasikika.

Tulirudi hemani vichwa chini. Mwalimu alikuwa amesimama. Wafula alikuwa amefumba macho.

"Darasa la tatu, kaeni," mwalimu akasema. Tukakaa. "Mimi nilikuwa nimepanga niitishe kumi. Lakini kama nyinyi wenyewe mmesema kumi na tatu, mimi ni nani nikatae?" Akageukia jikoni. "Na mleteeni huyu mzee paja la kuku."

"Hiyo ya Wafula amesema ukweli!" shangazi wa msichana akapaza sauti kutoka nyuma. "Hata sisi tunashangaa alimkubali!"

Hapo ndipo hema zima likaangua kicheko, na Wafula akafumbua macho.

Harusi ilifanyika. Nyumbani bado wananiita Kumi na Tatu, na baba mdogo kila akipita karibu na ng'ombe ananiangalia vibaya. Mimi sikubali lawama. Maneno yalikuwa ya wazee. Spika iliyasema jinsi ilivyoyapokea, na hakuna hata neno moja lililokwaruza. Wakiniuliza kama ninaweza kuirudia kazi ile, nawaambia leo hii, hata sasa.

Ila jambo moja limebadilika. Zamani nilikuwa simwonyeshi mtu kitu changu mpaka kikamilike. Siku hizi, kabla sijafunga chochote, namwita shemeji yangu, mke wa Wafula, akijaribu mbele yangu kikiwa bado kibaya, na akisema sehemu fulani ni ya kijinga, naibadilisha.