Mikono ya Kuazima

Watu wa mtaa ule walimwita Bi Pirika, na waliompa jina hilo hawakumwonea. Tangu utotoni alikuwa haketi akaketika. Mama yake alikuwa akisema kwamba huyu mtoto alitoka tumboni akiwa na safari yake, na mgeni yeyote aliyekaribishwa nyumbani kwao alikula huku meza ikitikisika, maana chini yake mguu wa Pirika ulikuwa kazini. Alipokua akapata mchumba. Mchumba akavumilia, akachoka, akaondoka akisema kwamba kuishi na mwanamke yule ni kama kuishi na mlango usiofungika vizuri kwenye upepo. Alisema kweli, ingawa angeweza kuisema kwa adabu zaidi.

Sasa mtu wa namna hiyo utampa kazi gani? Gazeti moja lilimpa kazi ya kucheza. Kila Jumamosi lilikuwa na ukurasa wa gemu za video, na Pirika ndiye aliyezicheza nyumbani kwake, akazihakiki, akawaambia watu ipi inafaa na ipi ni ya kutwanga maji kwenye kinu. Ajabu ni kwamba akishashika padi, yaani kile kidude chenye vitufe kinachoshikwa kwa mikono miwili, mguu wake ulitulia. Pirika zote zilishuka vidoleni. Alipoandika kwamba shoka la gemu fulani ni zito, msomaji aliusikia uzito wake kiganjani, na hilo wahakiki wengine hawakuliweza.

Kisha dole gumba la kulia likaanza kuuma. Akalipuuza. Likavimba kwenye shina, na la kushoto, kama lililoona wivu, likafuata. Daktari alimbonyeza mara moja tu, akamwona alivyoruka, akasema kano zimechoka.

"Padi usiishike kabisa," akamwambia. "Ukiendelea, utafika mahali mikono hii haitakusaidia hata kujilisha."

"Nipumzike siku ngapi?"

"Si siku, dada. Ni miezi."

Mhariri hakuambiwa. Hakuwa mtu mbaya, lakini ukurasa ulitakiwa kila Jumamosi, na vijana waliokuwa wakiuvizia walikuwa wengi kuliko viti vya ofisi yake. Kupumzika miezi kulikuwa na jina lingine, nalo ni kuupoteza ukurasa. Na bila ukurasa Pirika angekuwa nani? Angekuwa mwanamke mtu mzima anayetikisa meza. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini yeye alikuwa na haraka, hakuwa na nafasi ya kuwasikiliza wanaosema.

Jumatatu moja akaletewa Nyayo za Nguchiro, gemu ambayo wasomaji wake walikuwa wameisubiri hadi wakaanza kumwandikia barua za lawama. Ndani yake kulikuwa na nchi pana isiyo na ukuta. Unaingia ukiwa nguchiro jike mwenye mkuki mgongoni. Ukoo wako umetawanyika kwa kiu, na chemchemi yenu imekaliwa na fisi. Ukitaka kupanda mlima, panda. Ukitaka kushinda mtoni ukibishana nauli na mamba mvushaji, hakuna atakayekukataza. Nungunungu huuza mishale anayoing'oa mgongoni mwake mwenyewe, na bei hupanda kadiri anavyoumia. Mhunzi ni kakakuona. Kadiri unavyopigana ndivyo nguchiro wako anavyoongezeka nguvu na ujanja, mpaka ufike kwa fisi.

Pirika aliitazama padi kama mtu aliyekatazwa chumvi anavyokitazama kikopo cha chumvi. Halafu akampigia simu kaka yake.

Kaka alikuwa mchinjaji kwenye machinjio ya mji. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, mchache wa maneno. Kazi yake ilianza kabla ya mapambazuko, na mchana alikuwa ameshamaliza, ameshaoga, ananukia sabuni ya kufulia. Padi hakuwahi kuigusa.

"Mimi nitatazama na kuandika," Pirika akamwambia. "Wewe niazime mikono tu."

Kaka akaigeuza mikono yake, akaitazama pande zote mbili. "Hii? Haya."

Siku ya kwanza nguchiro aliugonga kila mti uliokuwamo katika nchi ile. Siku ya pili kaka alianza kuelewa. Siku ya tatu alikuwa hodari kuliko alivyotaka kukubali. Tabu ilikuwa nyingine. Uhakiki unataka maneno, na maneno ndicho kitu ambacho kaka hakuwa nacho.

"Ukiruka, unaonaje?" Pirika aliuliza. "Mzito au mwepesi?"

"Kawaida."

"Kawaida ya nini, kaka?"

Kaka akafikiri, akaruka tena. "Ya kuruka."

Pirika akaenda dirishani, akarudi. Akakaa kwenye mkono wa kiti, akainuka. Mguu ukipumzika, kichwa kinaanza. Kichwa kikipumzika, mdomo. "Kushoto, kaka. Kushoto. Mkuki, si ngao. Sasa wewe ni mtu wa visu, unamkosaje kenge aliyesimama mbele yako?"

"Wa kazini hawarukiruki," kaka akajibu bila kugeuka.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Pirika alimsukuma mchana kutwa, akamnyima hata usingizi mdogo aliozoea kulala baada ya kazi, na hakuona kwamba macho ya kaka yalikuwa mekundu. Alichokiona ni skrini. Vidole vyake mwenyewe, vilivyofungwa bendeji, vilikuwa vikichezacheza hewani kila nguchiro aliporuka, na kila vilipocheza viliuma, na yeye akajifanya haviumi.

Alhamisi wakafika kwenye chemchemi. Makala ilitakiwa Ijumaa asubuhi.

Fisi alikuwa jike, mkubwa, na nyuma yake pangoni walikuwamo watoto watatu. Kaka alipigana naye vizuri. Alikwepa, alichoma, alirudi nyuma, alimzunguka, na Pirika alikuwa amepanda juu ya kiti akisahau umri wake. Mwishowe fisi akaanguka ubavu, akihema. Watoto wakatoka pangoni wakamlalia tumboni. Chini ya skrini yakatokea maandishi: bonyeza kitufe mfululizo ummalize.

Kaka hakubonyeza. Alimwondoa nguchiro, akatembea naye mbali, akapanda kilima, akangoja. Aliporudi, fisi alikuwa palepale, anahema vilevile, na lango la chemchemi limefungwa.

"Bonyeza, kaka. Ndiyo mwisho."

"Simmalizi huyu."

"Ni gemu."

"Najua ni gemu." Kaka akaiweka padi mezani taratibu. "Mimi nachinja ili watu wapate kula. Huyu ameshaanguka, hana ugomvi tena, na hakuna atakayekula. Nimpige ili iweje?"

"Ili lango lifunguke!"

"Basi lifungue mwenyewe."

Pirika akamwambia maneno. Siyaandiki yote, mengine yalimhusu na marehemu baba yao, ambaye hakuwamo katika gemu wala katika ugomvi. Alimwambia kwamba mchinjaji anayemlilia fisi wa kuchorwa ni kituko, na kwamba yeye Pirika kila mtu humsaidia mpaka pale msaada unapohitajika. Kaka alimsikiliza mpaka akamaliza. Akavaa viatu vyake.

"Nitakuja kesho," akasema, akaondoka.

Jioni ile Pirika alizunguka chumba chake kidogo mpaka mpangaji wa chini akagonga dari. Angeweza kuandika kwamba hakufika mwisho. Angeweza kumpigia mhariri akamweleza. Aliyapima yote mawili, akayatupa. Akafungua bendeji kwa meno, akashika padi.

Hakummaliza fisi mara moja. Kwanza alimpeleka nguchiro kilimani, akaruka. Na hapo akakipata alichokuwa akimkamua kaka yake tangu Jumatatu: nguchiro alikuwa mwepesi akipanda na mzito akishuka, na akitua, miguu ilichelewa kidogo kuamini kwamba imefika chini. Akaruka tena na tena. Mguu wake mwenyewe chini ya meza ulikuwa umetulia kimya. Alikuwa na furaha, furaha hasa, ya kumtia mtu aibu.

Kisha akarudi chemchemini, akabonyeza. Maumivu yalipanda mpaka kwenye kiwiko, akaendelea kubonyeza. Huruma haikumjia, lililomjia ni haraka. Fisi akakoma kuhema, lango likafunguka, maji yakatoka, ukoo wa nguchiro ukaja mbio kutoka pande zote za nchi. Pirika hakuutazama mwisho ule mzuri, kwa sababu machozi yalimzuia, na yalikuwa ya kidole.

Makala akaiandika kwa kidole kimoja cha shahada, akidonoa kama kuku. Alisifu mruko, akamsifu nungunungu, akamcheka mamba. Alipofika kwa fisi akasimama. Kusema ukweli hapo kulikuwa hakunogi: mhakiki alikuwa na haraka, akabonyeza. Basi akaandika hivi: "Nilipoambiwa nimmalize mama aliyekwisha kuanguka, mikono yangu ilikataa. Niliiweka padi mezani." Ikaja tamu, imepigwa pasi, kana kwamba ilikuwa yake. Akaituma kabla ya kuisoma tena, kama afanyavyo mambo yake yote.

Ijumaa mchana kaka alifika kama alivyosema. Alimkuta dada yake sakafuni, mikono yote miwili imezama ndani ya beseni la maji ya barafu. Madole gumba yalikuwa yamevimba, yanang'aa. Akayatazama, kisha akaitazama padi.

"Umecheza."

"Nimecheza."

Kaka akavuta kigoda akaketi. Simu ikaanza kulia mezani, na jina lililowaka lilikuwa la mhariri. Pirika akainua mkono kutoka majini, vidole vikagoma kukunjika, akaurudisha. Kaka akaichukua simu, akabonyeza, akamwekea sikioni.

Mhariri yule alikuwa na sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. "Mama, huu ndio uhakiki wako bora," akasema. "Pale kwa fisi! Mikono yako ilipokataa. Nimewasomea watu wote hapa ofisini. Mmoja ameondoka akajifanya anakwenda kunywa maji."

Simu ilikuwa palepale sikioni, na uso wake ulikuwa karibu sana, unanukia sabuni. Pirika alingoja aone hasira, angejua la kufanya na hasira. Kaka alikuwa amesikia kila neno, na bado alikuwa ameishika simu.

"Si mikono yangu," Pirika akasema.

"Unasemaje?"

"Iliyokataa ni mikono ya kaka yangu. Yangu ilimmaliza yule fisi. Karibu gemu nzima amecheza yeye, mhariri. Mimi madole yangu yamekufa, na nimekuficha."

Mhariri akashusha sauti kwa mara ya kwanza. "Ukurasa unakwenda kupigwa chapa sasa hivi," akasema. "Nifanye nini?"

"Badilisha pale. Sema mikono ya kaka yangu ilikataa, na yangu haikukataa. Hivyohivyo."

"Watauliza kwa nini hukucheza mwenyewe."

"Waambie naumwa."

"Na gemu ya wiki ijayo? Imeshafika, ipo mezani kwangu."

Tangu siku ya daktari Pirika alikuwa amekimbia mbio zote zile asifike kwenye swali hilo. Ndani ya beseni maji yalikuwa yakitetemeka kwa sababu ya goti lake.

"Mpe mwingine," akasema.

Mhariri akamtakia afya njema, akakata. Kaka akaiweka simu mezani. Pirika akaanza kulia, kwa sauti, kama mtoto aliyenyang'anywa kitu, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa majini, kaka yake ndiye aliyemfuta machozi.