Mshono wa Juu

Katika mtaa wa mafundi wa ekzosi mjini Purbalingga, Rasikun alipoanza kutoitikia salamu, watu walisema ni majivuno. Na kweli alikuwa na cha kujivunia. Baba yake alifua masufuria ya shaba, naye alifua mabomba ya moshi kwa miaka thelathini na minane. Magari makuukuu yaliyokataliwa na gereji nyingine yaliishia kwake.

"Kang Rasikun siku hizi mkubwa," jirani yake Darkim, fundi mwenzake, alipenda kumtania, akimwita Kang, yaani kaka. "Umwite mara tatu, ya nne ndo anageuza shingo. Tukuletee na kiti cha enzi, Kang?"

Watu wakicheka, Rasikun naye alicheka, kwa kuwa aliwaona wanacheka.

Masikio yake yalikuwa yanakufa. Mwanzoni alidhani muadhini wa msikiti wa jirani ameugua, maana alfajiri zilikuwa zinapita kimya. Siku ya nne akamuuliza mkewe, Wartinah, muadhini kapatwa na nini. Wartinah aliingia jikoni, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu.

Wakakubaliana isijulikane. Ekzosi hujaribiwa kwa sikio: injini ikiwa inanguruma, fundi huziba mdomo wa bomba kwa tambara, na moshi ukikosa njia hutafuta ufa, ukitokea hapo kwa mlio kama wa nyoka. Basi Wartinah akahamishia kazi zake za jikoni kwenye benchi la gereji. Alimenya vitunguu huku ametega sikio. Akisikia mlio, aliinua kisu, na Rasikun akarudi chini ya gari kuchomelea tena. Kwa miaka mitatu hakuna mteja aliyegundua.

Kisha binti yao Yuli, aliyeolewa mji wa mbali wa Bekasi, akajifungua pacha, na Wartinah akaitwa kwenda kumlea kwa siku arobaini. Kabla ya kupanda basi alimgeuza mumewe amtazame, akatamka polepole ili asomeke midomo.

"Baba Yuli, gari lolote likija, sema una homa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Niahidi."

Akaahidi, na ahadi akaishika siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili, mvua ikinyesha, Pak Mukhtarom, mwalimu mstaafu aliyeitwa Pak, yaani Mzee, kwa heshima, aliingia na gari lake la zamani aina ya Kijang. Rasikun aliihisi ngurumo yake nyayoni kabla hajaliona. Sailensa ilikuwa imeliwa na kutu, imebaki kama jani lililotafunwa na viwavi.

"Nina homa, Pak," alisema Rasikun.

"Homa gani, na mikono yote grisi? Kang, mama kaniganda." Mama yake alikuwa Mbah Saliyah, bibi wa miaka themanini na minne, na mdogo wa bibi huyo alikuwa mgonjwa kitandani kule Wonosobo, ndugu hao hawajaonana miaka sita. "Kila asubuhi anakunja nguo zake, anafunga furushi, jioni anafungua. Jumamosi lazima nimpeleke. Ukinikataa wewe niende kwa nani? Kwa hao wanaochomelea kama wanapaka jemu?"

Mengine Rasikun aliyasoma midomoni, mengine akayabahatisha, lakini yote yalimwingia. Muda mrefu hakuwa ameombwa hivyo. Akachukua funguo.

Alifanya kazi siku mbili. Alikata bomba lote bovu, akakunja bati jipya, akatengeneza sailensa na kuifunga. Kwa macho, ilikuwa kazi safi kuliko zote alizofanya mwaka ule. Kisha akawasha injini, akaziba bomba kwa tambara, akalowesha kiganja na kukipitisha kwenye kila kiungo. Hakuhisi kitu. Ulibaki mshono mmoja tu, ule wa juu, chini ya kiti cha nyuma, ambako bomba limebanana na sakafu na mkono haupiti. Hapo ndipo sikio lilipokuwa likimsaidia.

Angeweza kulishusha bomba lote aanze upya. Na hata hilo halikuhitajika. Upande wa pili wa kichochoro Darkim alikuwa amekaa anakula mendoan, vipande vya tempe ya soya vilivyokaangwa, mafuta yanamng'aa vidoleni, na masikio yake mazima kabisa. Neno moja tu lingetosha: hebu njoo unisikilizie. Rasikun alimtazama hadi Darkim akamwinulia kipande cha tempe, kumkaribisha. Rasikun akatikisa kichwa. Akazima injini.

Jumamosi mvua haikukatika. Pak Mukhtarom alipanda milima ya Wonosobo na vioo vyote vimefungwa. Sakafu ya gari lile ilikuwa na matundu ya kutu yaliyofunikwa kwa mkeka. Mbah Saliyah alikaa nyuma, furushi mapajani. Mwanawe aliumwa kichwa, akasema ni kona za barabara. Kwenye kioo alimwona mama yake anasinzia, akaona heri alale. Walipofika mlangoni kwa mdogo wake, hakuamka.

Darkim ndiye aliyeleta habari, akimshika Rasikun bega ili ageuke. Bibi yuko hospitali, kawekewa hewa. Daktari kasema ni moshi.

Siku ya pili Mbah Saliyah alifumbua macho, lakini hakurudi mzima. Alimwita mwanawe "bwana," na kila jioni alimuuliza kwa adabu ni lini watampeleka kwa mdogo wake.

Walipomrudisha nyumbani, Rasikun alikwenda. Pak Mukhtarom alimkaribisha barazani na kumwekea chai.

"Usijilaumu, Kang. Gari langu limeoza sakafu. Ningeliziba zamani, lakini mimi mvivu."

Mlango ulikuwa wazi na jawabu lilikwisha kupatikana: kutu. Alichotakiwa Rasikun ni kunywa chai na kuaga.

"Sikusikia," alisema.

"Hukusikia nini?"

"Sisikii, Pak. Mwaka wa tatu huu. Mshono wa juu sikuujaribu. Niliona haya kumwita mtu."

Pak Mukhtarom akainamisha kichwa, kidevu kikagusa kifua, akasema maneno. Rasikun aliona mabega yanatikisika, ila midomo hakuiona. Akangoja kichwa kiinuke. Hakikuinuka. Akatoka taratibu, chai ikiwa haijaguswa.

Wartinah alirudi kabla ya siku arobaini, habari zikiwa zimemtangulia. Alisimama mbele ya mumewe, furushi bado begani.

"Nilikwambia sema una homa! Haya, umeshafanya. Nani alikutuma ukajitangaze? Yeye mwenyewe kashasema ni kutu!"

"Haikuwa kutu peke yake."

"Na sisi tutakula nini, ukweli?" Aliketi chini, hasira zikamwishia ghafla. "Naye alisemaje ulipomwambia?"

Rasikun alitazama nyundo zake ukutani.

"Kasema yamekwisha."

Wartinah alimkazia macho. Hakuuliza tena, wala hakutaka kwenda kumuuliza Pak Mukhtarom mwenyewe.

Wateja hawakuja tena. Darkim alimpa kazi kwake ya kukata na kukunja mabati, kazi isiyotaka sikio, na tangu siku ile hakumtania hata mara moja. Hilo lilimuuma Rasikun kuliko matusi. Mbah Saliyah alifariki mwanzoni mwa kiangazi. Rasikun alikwenda kwenye kisomo cha kumwombea marehemu, akaketi nyuma kabisa karibu na viatu, akitazama midomo ya watu ikienda pamoja, na ya kwake akaipeleka vilevile.