Mama Nafasi na Nakala za Huruma

Jina lake la kazini lilikuwa Mama Nafasi, na hakulipenda. Alibandikwa jina hilo na watu wa mauzo kwa sababu kila asubuhi, kabla hata hajaweka mkoba chini, alikuwa akisema, "Jamani, nafasi. Nafasi imekwisha tena." Mgeni akisikia angedhani ofisi ile inagawa viwanja.

Ilikuwa kampuni ya milango na madirisha, karakana nyuma, ofisi mbele. Huko mbele kila meza ilikuwa na skrini, kibodi na kikasha cheusi kidogo kama pakiti ya chumvi. Kikasha chenyewe hakikuwa na akili hata chembe. Akili yote ilikaa kwenye seva, kompyuta moja kubwa iliyofungiwa chumba kidogo karibu na choo, na watu wote walifanyia kazi ndani ya hiyo moja, pamoja na wale wa matawi ya mbali. Ikiumwa, wote wanaumwa.

Mama yake mzazi alipomuuliza anafanya kazi gani hasa, maana kila akipiga simu anamkuta analalamika, Mama Nafasi alimweleza hivi:

"Chukulia nyumba ya kupanga, mama. Kila mtu ana chumba chake, lakini nyumba ni moja. Nyuma kuna stoo kubwa, imara, ina kufuli, na kila usiku inakaguliwa. Nawaambia wekeni vyombo vyenu stoo. Wao wanavimwaga koridoni."

"Kwa nini?"

"Koridoni ni karibu."

"Na korido ikijaa?"

"Hapiti mtu. Nyumba nzima inakwama, na anayeitwa ni mimi."

"Basi hao ni wavivu," mama akasema, akamaliza kesi.

Korido yenyewe ilikuwa ile picha ya mbele ambayo mtu anaiona skrini ikiwaka. Mtu akiandika barua, anaitupa pale. Akipokea video ya mtoto wa jirani anacheza ngoma, pale pale. Stoo iliitwa ghala, mahali pa kuhifadhia faili za kazi, na kulifikia kulihitaji kubonyeza mara mbili zaidi. Mara mbili hizo ndizo zilizomnyima Mama Nafasi usingizi. Alikwisha acha sahani ya chakula mezani kwa dada yake na wageni wakimtazama. Alikwisha toka katikati ya mahafali ya mwanawe. Dada yake hakuwa mtu wa kumumunya maneno: "Shemeji yangu anajisumbua bure kujiita mume. Mwenye mke ni hiyo seva."

Ndipo mama akapangiwa kutolewa mtoto wa jicho. Alikuwa ameishi na ukungu miaka, anatambua watu kwa sauti na kwa kuwapapasa nyuso. Alimwambia Mama Nafasi, "Wakinifungua bandeji, nataka wa kwanza kumwona uwe wewe. Dada yako nimemsikia vya kutosha."

Dada, anayekaa na mama nyumba moja na kumpikia, alicheka akasema haya, lakini akamvuta mdogo wake pembeni. "Ukitoka hata hapo kwa ajili ya kompyuta, usinitafute."

Bosi alimpa ruhusa bila ubishi. "Nenda kamwangalie mama. Ila seva isisimame."

Mama Nafasi aliona hapo hakuna njia ila kuifunga korido. Alibandika tangazo hadi mlango wa choo, mahali ambapo hakuna asiyefika: hamisheni faili zenu kwenye ghala, Ijumaa zilizobaki zitafutwa. Wachache walihamisha. Wengine walilisoma tangazo wakiwa wamejibana, wakatoka wamepona, wakasahau.

Ijumaa jioni alikaa peke yake, kidole kiko juu ya kitufe, roho ikamsuta. Akaanza kuchungulia. Picha za watoto. Picha za fundi mkuu wa zamani, marehemu, amesimama karakanani na tepu yake ya kupimia shingoni, zilizotunzwa na Mchoraji, yule anayechora michoro ya milango. Barua ya Mhasibu ya kuomba kazi kampuni nyingine, tena imeandikwa vizuri kuliko ripoti zake zote. Akasema, nikifuta watanililia. Basi akanakili kila kitu kwenye folda moja, akaiita Muda, akaichimbia pembeni humo humo ndani ya seva. Kwenye ghala hakuweza kuiweka. Ghala linaonwa na kila mtu, na barua ya Mhasibu ingesomwa hadi karakanani kabla ya chai. "Wakishamaliza kulia nawarudishia, naifuta," alijiambia. Kisha akasafisha korido, akafunga. Kuanzia hapo mtu akijaribu kuhifadhi pale mbele, seva inakataa.

Jumatatu alijikunja kungoja vilio. Hakuna aliyeuliza kitu chake hata kimoja. Walichokuja kuomba ni ruhusa ya kujaza upya.

"Mimi tu," alisema Mhasibu, mtu mwembamba mwenye haraka ya kuzaliwa nayo. "Wengine wabane. Mimi faili zangu ni ndogo ndogo."

"Ndogo ndogo ndizo zilizotufikisha hapa."

"Mama Nafasi, mimi na wewe tumetoka mbali."

"Tungetoka mbali ungekuwa umejifunza."

Lakini mtu aliyechoka hachelewi kukubali, hata kama amekataa kwa mdomo. Akamfungulia. Siku iliyofuata Bosi akaita. Alikuwa na video za harusi ya binti yake na alipenda kuwaonyesha wateja kabla ya kuzungumzia bei. "Mimi si mtumiaji, mimi ndiye mwenye seva," akasema. Naye akafunguliwa. Folda ya Muda, Mama Nafasi akaiweka moyoni kama kazi ya kesho, na kesho zikapita zimebeba mambo mengine: printa, tawi lililokatika mtandao, mtu aliyemwaga juisi kwenye kibodi akasema ni unyevu. Akaisahau.

Mama alipasuliwa salama. Asubuhi yake ndiyo bandeji ingetolewa. Mama Nafasi alifika mapema akakaa kwenye benchi nje ya wodi pamoja na wagonjwa wengine waliozibwa jicho moja moja, dada ubavuni na chupa ya chai. Simu ikalia.

"Usiipokee," dada akasema.

"Nisipoipokea watapiga wote kwa zamu."

Alikuwa Mhasibu. "Mama Nafasi, pole na mgonjwa. Hatuingii."

"Hamuingii wapi?"

"Kwenye seva. Kila mtu inamtoa. Inasema nafasi hakuna."

"Haiwezekani. Nimefunga."

"Wewe umefunga, yenyewe imejaa. Wateja wako mapokezi wanataka bei za madirisha. Bosi yuko hapa, amevimba kama puto."

Mama Nafasi alifumba macho. "Chukua ufunguo kwa mlinzi. Nenda chumba cha seva, kaa kwenye skrini yake yenyewe. Usiguse nyaya. Usiguse chochote kinachowaka."

Ukasikika mlango, kisha mvumo wa feni. "Inataka neno la siri."

Akatazama benchi. Wagonjwa wote walikuwa wamezibwa jicho moja, lakini masikio hakuna aliyezibwa. Akainamisha kichwa, akaziba mdomo kwa kiganja. "Andika nimechoka."

"Pole sana. Sasa neno la siri?"

"Ndilo hilo! Nimechoka. N kubwa. Kistari. Halafu kabisa."

Mzee mmoja aliyezibwa jicho la kulia akacheka kifuani. "Hata mimi langu ni hilo hilo, mwanangu."

Dada hakucheka. Alikuwa anaangalia mlango wa wodi.

"Nimeingia," Mhasibu akasema.

"Nitajie folda kubwa kuliko zote."

"Kuna ya harusi ya…" Akashusha sauti. "Ya mkubwa. Ni kubwa kweli. Na zangu kidogo."

"Ndogo ndogo."

"Sasa ndio wakati wa kunisema? Ngoja. Kuna nyingine, mama wee. Hii imemeza karibu nusu ya seva. Inaitwa Muda. Ya nani hii?"

Mama Nafasi alijua ni ya nani. Aliiona ile Ijumaa, kidole chake juu ya kitufe, na huruma yake aliyoiacha koridoni kama wapangaji wengine wote.

Nesi akatokeza kichwa mlangoni. "Ndugu wa bibi wa kitanda cha dirishani! Daktari anafungua sasa."

Dada akasimama. "Unakuja, huji?"

"Tangulia, nakuja."

"Nimeshalisikia hilo." Akaingia na chupa yake ya chai.

"Mama Nafasi, upo?" Mhasibu akaita. "Folda ya nani?"

Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema futeni harusi. Akasema, "Ni yangu. Ni nakala za vitu mlivyoviacha nilipofunga. Niliogopa mtalia."

Simu ikanyakuliwa. Sasa alikuwa Bosi. "Vitu gani hivyo?"

"Vyenu, Bosi. Kuna aliyeuliza tangu nifunge?"

Feni ikavuma. Kwa mbali Mhasibu akauliza, sauti imekonda, "Na vyangu vimo?"

"Vimo. Kuna barua yako moja nzuri sana."

"Futa!" Mhasibu akapaza sauti. "Bosi, tufute tu, ni takataka!"

"Haraka ya nini?" Bosi akasema. "Hivi ni vitu vya ofisi. Tupitie kimoja kimoja, Mama Nafasi atuambie kipi ni kipi. Baki kwenye simu."

Baki kwenye simu. Maneno hayo alikuwa ameyatii kwenye mahafali, ameyatii chakula kikipoa. Akaikumbuka picha ya marehemu fundi mkuu na tepu yake shingoni, na kitu kikamchoma. Mchoraji hakuwa ameuliza, lakini kutouliza si sawa na kutotaka, alilijua hilo.

"Bosi, mama yangu anafunguliwa jicho sasa hivi. Sibaki. Mpe simu Mhasibu." Akasikia simu ikibadilisha mikono. "Tafuta humo folda yenye jina la Mchoraji, ihamishie kwenye ghala. Hiyo tu. Zilizobaki bonyeza futa. Ikikuuliza kama una hakika, kubali."

"Na Bosi akikataa?"

"Mwonyeshe wateja walioko mapokezi, halafu mwonyeshe folda ya harusi. Achague ifutwe ipi, hiyo au Muda."

"Ngoja kwanza, nisipoipata ya Mcho—"

Akaikata. Kisha akaizima kabisa, kioo kikawa cheusi, akaitupa mkobani. Hakujua Mhasibu atabonyeza nini. Alisimama, yule mzee wa benchi akamwambia, "Kimbia, mwanangu," naye akatembea kwa haraka yote aliyokuwa nayo, ambayo haikuwa nyingi.

Daktari alikuwa anabandua plasta ya mwisho. Mama alikuwa ameketi wima kitandani, uso ameugeuzia dirishani kwa makusudi, na dada amejibana nyuma ya pazia ili asionekane kwanza. Alipomwona mdogo wake akiingia alimtolea jicho kali, lakini akamsogezea kiti kwa mguu.

"Ameshafika?" mama aliuliza, bado amefumba.

"Nimefika, mama."

Mama akageuka, akafumbua. Jicho lilikuwa jekundu, linatoa machozi. Akapepesa. Akanyoosha mkono kumpapasa uso kama alivyozoea, mkono ukafika nusu njia, akakumbuka, akaurudisha mapajani. Akamtazama muda mrefu, hadi daktari akauliza anaona vidole vingapi.

"Ngoja na vidole vyako," mama akasema. "Wewe. Mbona umechoka hivi?"

Mama Nafasi akajipangusa uso kwa kiganja, kana kwamba uchovu unafutika.

"Ni wale wa koridoni?" mama akauliza.

"Ndio hao."

"Wamehamisha vyombo?"

"Sijui, mama. Nimezima simu."

"Amezima?" Sauti ya dada ilitoka nyuma ya pazia.

Mama alikuwa bado anasoma uso ule, paji, mifuko chini ya macho, mvi za pembeni ambazo hakuna aliyemwambia. "Sogea hapa kwenye mwanga," akasema.

Mama Nafasi akavuta kiti, akasogea.