Siku Niliyompima Daktari kwa Kufunga Mdomo

Wajukuu zangu wanaijua habari hii kwa vipande, kila mmoja ana chake na vyote vina uongo ndani, kwa hiyo naiandika mwenyewe, aibu yangu yote, ili kama ni kunicheka mnicheke kwa ukweli.

Ni miaka ile ya vijiji vya Ujamaa. Kijijini kwetu, huku milimani juu ya Gonja, tulijenga zahanati kwa msaragambo, baragumu likilia kila mtu anaacha lake anakwenda kubeba mawe, na ilipokwisha Serikali ikatuletea daktari. Tukamwangalia. Kijana, Msukuma, shingo ndefu kama ya twiga, lugha yetu ya Kichasu hajui hata salamu. Mkwe wangu Nakundwa alikuwa na mimba ya kwanza, miezi imetimia, na mwanangu Elifuraha yuko kwenye mashamba ya mkonge huko tambarare, hivyo uamuzi ni wangu: azalie hapo kwa kijana huyo, au abebwe kwa machela hadi hospitali ya Gonja, kwenye ule mteremko ambao hata mbuzi huushuka kwa kusali.

"Mama, machela mimi siiwezi," Nakundwa akaniambia.

"Tulia. Kwanza nikampime huyo kijana."

Namna ya kumpima niliijua. Waganga wetu wa zamani hukuwaambia unaumwa wapi, unakaa, unanyamaza, yeye ndiye anakuambia, akikosea unachukua kuku wako unarudi nyumbani. Nikasema na huyu nitamnyamazia. Siumwi kitu (isipokuwa jembe lilinikata mguu kwenye msaragambo wa wiki iliyotangulia, nimepafunga kitambaa), akinipa ugonjwa ni mwongo, na Nakundwa atabebwa.

Ningeishia hapo ningepona. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na kwa kuwa sikuwa na mpango wa kuongea, nikaona mdomo huu unakaa bure, nikageukia ukutani nikatia ugoro nyuma ya mdomo wa chini. Mwingi. (Na mimi ndiye kiongozi wa akina mama kanisani, Jumapili iliyopita tu nimewaondoa wawili kwenye nafasi zao mbele ya wenzao kwa ugoro huohuo. Wote wawili wapo kwenye benchi, wananitazama.)

Nikaitwa.

"Shikamoo mama," daktari akasema.

Nikatikisa kichwa.

"Unasumbuliwa na nini?"

Nikamkazia macho. Akarudia polepole, akarudia kwa sauti kubwa, kisha akamwita muuguzi, binti wa jirani yangu. "Mama huyu huwa haongei?"

"Nani, Mama Elifuraha?" Binti akacheka, halafu akaacha. "Daktari, huyu anaongea hata akilala. Ukiona amenyamaza, anaumwa sana."

Akaniomba nifungue mdomo. Nikakaza meno. Akaleta kijiko, nikakaza zaidi, maana mlango uko wazi na wale wawili wameshachungulia. Ugoro ukaanza kunipanda, jasho likanitoka, mate yakajaa, povu likaonekana pembeni mwa midomo, na shingo nimeikakamaza kama kuni. Akatupa macho chini, akakiona kitambaa, akakifungua, kidonda hicho na udongo wake.

"Pepopunda," akasema, na uso ukambadilika. "Taya limeshafunga. Mimi hapa dawa yake sina. Ashushwe Gonja sasa hivi."

Baragumu likalia. Kwetu likilia hakuna anayeuliza, watu wakaja na majembe, wakaja na makarai, mwinjilisti akaja na Biblia, nikalazwa kwenye machela nikafungwa kamba. Nilitaka kusema, lakini mtu aseme nini na ugoro mdomoni mbele ya kanisa zima. Nikafumba macho. Wakateremka wakiimba wimbo wa mazishi (kwa sauti nzuri, nikajua watanizika vizuri), na Nakundwa, tumbo lile mbele, anakimbia pembeni analia, "Mama usiniache, nitazaa na nani?"

Nikafumbua macho, nikamwona anateleza kwenye jiwe.

"Nakundwa, simama, utaanguka," nikapiga kelele, na ugoro wote ukatoka pamoja na maneno, ukatua kwenye shati jeupe la mwinjilisti.

Wimbo ukakatika. Nakundwa alidakwa na mmoja wa wale wawili. Wa pili akalisogelea shati, akanusa. "Huu ni mzuri kuliko wetu," akasema.

Nilipanda mlima kwa miguu yangu, kijiji kizima nyuma, hakuna anayeimba. Daktari alinisafisha kidonda bila kucheka, akanichoma sindano bila huruma.

"Sasa mama, unaumwa nini?"

"Siumwi. Nilikuja kukuangalia."

"Na umeonaje?"

Nikafikiri. Maisha yangu yote nimekaa mbele ya waganga, na hakuna aliyewahi kuniambia dawa hana.

"Mkwe wangu atazalia hapa," nikamwambia.

Akazaa, mtoto wa kike, salama. Wale wawili niliwarudisha kwenye nafasi zao kanisani, nikaenda kukaa mimi nyuma. Na tangu siku ile daktari yeyote nikimwona namweleza kila kitu kabla hajavuta kiti, hata yasiyomhusu. Kumpima daktari kwa kunyamaza, sirudii.

Ila siku Nakundwa anajifungua, nilipotaka kuingia, yule kijana alinizuia mlangoni. "Mama, kwanza fungua mdomo nione."

Nikafungua. Hakukuwa na kitu. Ugoro nilikuwa nimeufunga kwenye pindo la kanga.